Gari la telekomande likishikwa na kigugumizi: moteri isiwe ya kwanza kushukiwa

Unavuta kifyatulio cha telekomande polepole, na gari, badala ya kuondoka, linatikisika papo hapo. Linatoa mlio wa kr-kr-kr, kisha ama linaruka mbele ghafula ama linagoma kabisa. Hukumu hutolewa haraka: moteri imekufa, iagizwe nyingine. Nyingine inaagizwa, inangojewa majuma, inafika Lubumbashi, inafungwa, na kigugumizi kinabaki palepale.

Ndani ya moteri ya brashilesi mna vitu vichache vya kuharibika: sumaku kwenye mhimili, koili za waya wa shaba zinazoizunguka, na rulma (beringi) mbili. Hakuna makaa ya kulika wala pete ya shaba ya kuungua kama kwenye moteri za zamani. Anayetaka kuokoa fedha zake aanze na betri, aende kwenye viungo vya nyaya, kisha gia, kisha mipangilio ya variateri, kile kinachoigawia moteri umeme. Moteri yenyewe aifikie baadaye, kama bado kuna haja.

Variateri inakisia

Moteri hii ina nyaya tatu nene: A, B na C. Variateri, kile kisanduku kinachokaa kati ya betri na moteri, hupitisha umeme kwenye nyaya mbili na kuiacha ya tatu tupu, halafu hubadilisha jozi. Hatua ni sita, kisha mzunguko unaanza upya. Kila jozi ikibadilishwa, mvuto wa koili unasogea na rota, yaani mhimili wenye sumaku, inaufuata. Ili jozi ibadilishwe kwa wakati wake, variateri lazima ijue rota imefika wapi. Ikiwahi au ikichelewa, koili zinaivuta rota kurudi nyuma badala ya kwenda mbele, na mtikisiko wote unatoka hapo.

Kuna njia mbili za kuijua rota iko wapi. Kwenye moteri zisizo na sensa, variateri husoma ule waya wa tatu ulioachwa tupu: sumaku ikipita mbele ya koili isiyo na umeme, koili inazalisha volti kidogo, na volti hiyo ndiyo habari yenyewe. Lakini rota ikiwa imesimama hakuna volti ya kusoma. Variateri inasukuma kwa kubahatisha, mpaka rota ipate mwendo wa kutosha kusomeka. Moteri zenye sensa hazina shida hiyo. Zina visensa vitatu vya Hall nyuma, karibu na sumaku, vinavyotambua ncha ya sumaku hata rota ikiwa imetulia. Ndiyo kazi ya kile kikebo chembamba cha nyaya sita.

Basi gari lisilo na sensa likishtuka kidogo katika nusu mita ya kwanza, hilo si ugonjwa, ni maumbile yake. Unaweza kulipunguza, huwezi kuliondoa. Cha kutafutiwa dawa ni kigugumizi ambacho hakikuwepo jana, au kinachoendelea gari likiwa tayari lina mwendo, au kinachotokea kwenye gari lenye sensa.

Linashtuka wakati gani?

Swali hili linafaa kuliko vipuri vyote. Weka gari juu ya tofali, magurudumu yote yawe hewani, na uvute kifyatulio hadi robo tu. Usivute hadi mwisho: moteri ya KV 3300 (mizunguko 3,300 kwa dakika kwa kila volti) kwenye betri ya volti 7.4 inakaribia mizunguko 24,000 kwa dakika, na tairi laini bila mzigo hutanuka mpaka zichanike.

Likizunguka vizuri hewani lakini likatikisika likiwa chini, moteri inakosa ampea au imebebeshwa gia nzito. Likitikisika hata hewani, bila mzigo wowote, kuna waya mmoja kati ya mitatu usiofikisha umeme, au sensa, au variateri. Likishtuka pale tu unapokata kona, tazama umeme wa kipokezi, kile kinachopokea amri za telekomande. Likienda vizuri dakika kadhaa ndipo lianze, tafuta joto au betri inayoisha. Na kama mlio wa moteri ni laini, haukatiki, ila gari ndilo linalorukaruka, acha umeme kabisa: ni meno ya gia, au skrubu ya pinyoni (ile gia ndogo ya moteri) imelegea na mhimili unateleza ndani yake. Mhimili wa moteri za saizi 540 una kipenyo cha milimita 3.17 na ubavu mmoja bapa. Skrubu ikae juu ya ubapa huo, na tone dogo la gundi ya skrubu.

Betri

Hapa ndipo penye wagonjwa wengi, hasa kwa sababu ya betri zinazoundwa kwa seli za kompyuta za mkononi zilizokufa. Seli hizo za duara, 18650, zinapatikana kwa bei ndogo, zina volti ileile ya LiPo (betri za lithiamu-polima), na multimita ikiwekwa inaonyesha 8.2 bila shida. Tatizo halionekani mpaka gari litake kuondoka.

Piga hesabu. Seli moja ya namna hiyo, ikiwa bado nzuri, ina ukinzani wa ndani wa miliomu 60 hivi. Ukifunga tatu sambamba unapata 20, na mafungu mawili kwa mfuatano ni 40. Gari la saizi ya 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi) likiondoka kutoka kusimama linaweza kutaka ampea 60 kwa nukta (sekunde) moja. Ampea 60 mara miliomu 40 ni volti 2.4. Betri iliyokuwa na 7.8 inashuka hadi 5.4, wakati variateri iliyopangwa kukata umeme seli ikifika 3.2 inakata kwenye 6.4. Inakata, volti inapanda tena kwa kuwa mzigo umeondoka, inawasha, volti inaanguka, inakata. Mlio ni uleule wa kr-kr-kr, na moteri haina kosa lolote. Pakiti ya LiPo ya seli mbili iliyo nzima, ya miliampea-saa 5000, ina jumla ya miliomu 10 au chini yake. Kwa mzigo uleule inapoteza volti 0.6 tu.

Multimita ya kawaida inachelewa mno kuona mporomoko huo. Kinachofaa ni king'ora kidogo cha betri, kile chenye tarakimu nyekundu kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe ya kusawazishia seli. Kipange kwenye volti 3.3, kichomeke, kifunge kwa mpira juu ya gari, kisha endesha. Kikilia kila gari linaposhtuka na kunyamaza ukiachia kifyatulio, umepata jibu. Tazama pia kama ni seli moja tu inayoporomoka: pakiti ikionyesha 3.7 na 3.1 baada ya mbio fupi, ile ya 3.1 imechoka, na hakuna kuchaji kutakakoirudisha.

Usiamini sana herufi C, kipimo cha ampea zinazoahidiwa, iliyoandikwa kwenye pakiti. Pakiti ya 5000 yenye 30C, kwa karatasi, inatoa ampea 150. Ikiwa imekaa miaka miwili kabatini ikiwa imejaa, inatoa sehemu ndogo tu ya hizo. LiPo ihifadhiwe kwenye volti 3.8 kwa seli. Kukatika kwa umeme huwafanya wengi wachaji kila wakiona taa imewaka na kuziacha pakiti zimejaa wiki nzima. Zinavimba polepole hivyo.

Jambo la Lubumbashi hasa: asubuhi za Juni na Julai. Kukiwa na nyuzi 8 au 10 alfajiri, ukinzani wa ndani wa LiPo unapanda, na gari lililokwenda vizuri jana mchana linashtuka asubuhi. Iweke pakiti ndani ya koti, karibu na mwili, nusu saa kabla ya kuitumia. Isiwekwe karibu na mbabula hata kidogo. LiPo iliyopata moto hailipuki kwa bahati mbaya, inalipuka kwa kawaida yake.

Kuna pia kosa la mpangilio. Anayetumia pakiti ya NiMH (betri za nikeli) ya volti 7.2 na kuacha variateri kwenye mpangilio wa LiPo atakatiwa umeme mapema, kwa sababu NiMH huteremka chini ya 6.4 kwenye mzigo bila kuwa imeisha. Kinyume chake hakileti kigugumizi, kinaleta hasara: LiPo ikiendeshwa kwa mpangilio wa NiMH inashushwa chini ya volti 3 kwa seli na kufa.

Kupima viungo kwa balbu ya breki

Nyaya za moteri hubeba ampea nyingi, kwa hiyo kiungo kibovu kidogo kinatosha kuvuruga kila kitu. Shida ni kwamba multimita haiwezi kupima miliomu. Ukiweka kwenye omu inaonyesha 0.2 au 0.3 kwa kiungo kizima na kwa kilichokufa nusu, kwa kuwa hiyo 0.2 ni ya nyaya za multimita yenyewe.

Kuna njia ya mafundi, na vifaa vyake vipo katika gereji yoyote: betri ya gari ya volti 12 na balbu ya taa ya breki ya wati 21. Chomoa moteri kutoka kwenye variateri. Toa waya kutoka chanya ya betri hadi balbu, kutoka balbu hadi waya A wa moteri, na kutoka waya B hadi hasi ya betri. Balbu inawaka, rota inashtuka mara moja na kukaa, na sasa kuna ampea 1.75 hivi zinazopita kwenye koili. Mkondo huo hauwezi kuiumiza moteri. Weka multimita kwenye milivolti 200 za DC, na ncha zake uziguse pale nyaya zinapoingia kwenye moteri. Koili za miliomu 20 zitaonyesha milivolti 35 hivi. Kama moteri ina KV kubwa utaona ndogo zaidi, na haidhuru. Rudia kwa B na C, halafu A na C.

Namba zote tatu zinatakiwa kufanana, tofauti isizidi milivolti moja au mbili. A–B na A–C zikiwa juu na B–C ikiwa ya kawaida, mgonjwa ni A. Balbu isipowaka kabisa kwa jozi mbili zenye waya mmoja, waya huo umekatika ndani, mara nyingi pale unapopinda kuingia kwenye moteri. Jozi moja ikisoma chini sana kuliko nyingine, koili zimeungua na kugusana. Hiyo ndiyo moteri iliyokufa kweli.

Bila kuzima balbu, acha ncha moja ya multimita mahali pake na usogeze nyingine kando ya waya: kabla ya plagi ya risasi (yenye umbo la risasi ya bunduki), baada ya plagi, mwanzo wa lehemu, mwisho wa lehemu. Plagi nzima ya milimita 4 haiongezi hata milivolti moja. Ikiongeza 10, kiungo hicho kina karibu miliomu 6; kwenye ampea 60 kinakula theluthi ya volti na kutoa joto la wati 20. Plagi hiyo ukiigusa baada ya mbio utaijua bila kipimo.

Kurekebisha: chuma cha kulehemu cha wati 60 au zaidi. Vile vyembamba vya mafundi wa simu havifai hapa, shaba ya waya mnene inavuta joto lote na lehemu inaganda kabla ya kushika. Ikawa ya kijivu, yenye chembechembe, na ukiivuta inang'oka. Paka lehemu waya peke yake, jaza plagi peke yake, kisha uviunganishe vikiwa vya moto na usivitikise mpaka viwe baridi. Tumia lehemu yenye utomvu ndani, kamwe si asidi ya mabati. Plagi ya risasi iliyolegea inaweza kutanuliwa kidogo kwa ncha ya wembe kati ya mabawa yake, lakini hiyo ni suluhisho la siku chache. Na plagi nyeupe kubwa za Tamiya zinazokuja na magari ya bei nafuu ziondolewe mapema. Hazikutengenezwa kwa ampea za brashilesi. Weka plagi za XT60.

Gia

Gia ndefu, yaani yenye pinyoni kubwa, ndiyo mazoea ya vijana wanaotaka mwendo. Chukua gari lenye gia kubwa ya meno 87, pinyoni ya 23, na uwiano wa ndani wa 2.6. Gawanya 87 kwa 23, zidisha kwa 2.6: moteri inazunguka mara 9.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Weka pinyoni ya 19 na inakuwa 11.9. Moteri sasa inapata mwendo unaosomeka haraka zaidi na kwa ampea chache, na kigugumizi cha kuanzia kinapungua sana. Utapoteza mwendo wa juu, kwa kama moja ya sita. Kwenye viwanja vya udongo vya Katuba au Ruashi hakuna anayeutumia mwendo huo hata hivyo.

Ukibadilisha pinyoni, pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno, bana moteri, kisha uzungushe karatasi itoke. Itoke ikiwa imekunjamana bila kukatika. Ikikatika meno yamebanana mno, na gia zilizobanana nazo hufanya moteri isite.

Mipangilio

Anza kwa kuifundisha variateri upya mahali pa kifyatulio: pa kusimama, pa mwisho wa mbele na pa mwisho wa nyuma, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye karatasi yake. Nyingi hufanywa kwa kushikilia kitufe wakati wa kuwasha. Kifyatulio kisicho na mwanzo sahihi huifanya variateri isijue kama umeomba kwenda au kusimama, ikawa inasita katikati.

Kisha nguvu ya kuanza. Watu huiweka juu kabisa wakidhani gari litaondoka kwa nguvu zaidi. Kwa moteri isiyo na sensa na betri ya wastani matokeo ni kinyume: variateri inasukuma kwa kishindo kabla ya kujua rota iko wapi. Ishushe hadi ngazi ya pili au ya tatu. Taimingi, yaani kiasi ambacho variateri inawahi kubadilisha jozi, nayo iwe chini au katikati. Taimingi ya juu inaongeza mizunguko na joto, na kuanza kunakuwa kugumu.

Sensa

Gari lenye sensa likianza kutikisika kama lisilo nayo, variateri nyingi zimejigeuza zenyewe: zikikosa habari ya sensa zinaendelea bila sensa. Chomoa kikebo, tazama kama kuna pini iliyorudi nyuma au waya uliochubuka kwa kugusa gia, futa, rudisha. Badilisha kikebo kama kuna kingine. Kinagharimu kidogo kuliko kitu chochote kwenye gari, na ndicho kinachoharibika zaidi.

Kama bado, pima ukiwa umeacha kikebo kimechomekwa na variateri imewashwa, kwa sababu visensa vya Hall vinahitaji umeme na ukinzani uliomo ndani ya variateri. Ukipima moteri peke yake hutaona kitu. Ondoa pinyoni kwanza, usiguse kifyatulio. Pini ya 1 ni hasi, ya 6 ni chanya ya volti 5. Za 2, 3 na 4 ni visensa vya C, B na A, na ya 5 ni ya joto. Chomeka sindano nyembamba nyuma ya plagi, ncha nyeusi ya multimita kwenye pini ya 1, na uzungushe mhimili kwa vidole. Kila sensa iruke kati ya karibu 0 na volti ya juu, 5 au 3.3 kulingana na variateri. Inayobaki juu siku zote au chini siku zote imekufa, na kibao cha sensa hubadilishwa bila kubadilisha moteri.

Kosa jingine: kwenye moteri yenye sensa, A iende A, B iende B, C iende C. Kwenye isiyo na sensa mpangilio wowote unafaa, na kubadilisha nyaya mbili kunageuza tu upande wa kuzunguka. Ukifanya hivyo kwenye yenye sensa, moteri inatikisika vibaya na kupata moto kwa nukta chache. Geuza upande kwa mpangilio wa variateri, si kwa nyaya.

Ukikata kona

Variateri ndiyo inayolisha kipokezi na servo, kile kimoteri cha usukani. Servo nzito ikibana inavuta ampea mbili tatu, volti ya kipokezi inaanguka, kipokezi kinazima na kuwaka, na gari linashtuka. Chomoa servo, endesha mbele na nyuma bila usukani. Likitulia, tatizo ni hilo. Kapasita ya maikrofaradi 4700 ya volti 10, ikichomekwa kwenye nafasi tupu ya kipokezi, inasaidia. Angalia mstari mweupe wa kapasita: ni hasi. Ukiigeuza itapasuka.

Joto na mavumbi mekundu

Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, na feni inayosukuma hewa nyepesi inaondoa joto kidogo zaidi. Namba za gia zinazopendekezwa na watengenezaji zinafaa kupunguzwa jino moja la pinyoni hapa, hasa Septemba na Oktoba.

Kama huna kipimajoto, tone la maji juu ya moteri linatosha. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo tone likitoa sauti na kurukaruka, moteri imepita kiasi. Sumaku za neodimi za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu kuanzia nyuzi 80, na kilichopotea hakirudi. Dalili yake huwadanganya wengi: moteri yenye sumaku dhaifu inazunguka kasi zaidi hewani, ila haina nguvu chini, inapata moto haraka na inashtuka kila ikianza. Zungusha mhimili kwa vidole. Zile hatua unazozisikia zikiwa laini kuliko za moteri nzima ya aina ileile, rota imeungua.

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali. Kwenye rulma linaleta kelele ya kusaga na kuongeza mzigo. Pamoja na chembe za chuma kutoka gereji na barabarani, ambazo sumaku huzishika, linajipanga kati ya rota na koili na kukwaruza. Fungua moteri, vuta rota nje kwa nguvu ya mkono, isafishe kwa utepe wa gundi: ubandike na kuubandua mpaka utoke msafi. Rulma zipate tone moja la mafuta ya cherehani kila moja. Usioshe upande wa sensa kwa petroli.

Variateri yenyewe

Tazama kwanza zile kapasita za duara upande wa nyaya za betri. Kichwa kilichovimba ni kapasita iliyokufa, na variateri isiyo na kapasita nzima inapata volti inayoruka juu na chini mara maelfu kwa nukta. Weka nyingine ya ujazo uleule, aina ya ukinzani mdogo: volti 16 kwa betri ya seli mbili, 25 kwa seli tatu au nne. Aliyerefusha nyaya za betri ili zifike upande wa pili wa gari amejitengenezea ugonjwa huohuo. Nyaya hizo ziwe fupi kadiri inavyowezekana.

Halafu transista. Chomoa betri na moteri, ngoja dakika moja, weka multimita kwenye alama ya diodi. Ncha nyekundu kwenye waya hasi wa betri, nyeusi kwenye A, kisha B, kisha C. Sasa ncha nyeusi kwenye chanya ya betri, nyekundu kwenye A, B, C. Kila mara utarajie kati ya 0.4 na 0.6, na kikubwa zaidi, tatu za kila upande zifanane. Sifuri ni transista iliyoungua na kushikana, na variateri hiyo usiichomeke tena kwenye LiPo, hata kwa kujaribu.

Namba zote zikiwa sawa, betri nzima, viungo visafi, gia fupi, na gari bado linashtuka kila likianza, unabaki na uteuzi mbaya wa moteri. Gari zito la kilo mbili na nusu lenye moteri ya ncha mbili za sumaku na KV 5000 litashtuka siku zote. Moteri ya ncha nne yenye KV kati ya 2400 na 3300 kwenye betri ileile itaondoka vizuri zaidi. Na kama unapenda kupanda juu ya vichuguu polepole, mahali ambapo rota inakaribia kusimama kila nukta, nunua yenye sensa pamoja na variateri inayoikubali. Hakikisha kabla ya kulipa kwamba ile variateri ina tundu la pini sita.